Kaboni ya Mashine ya Kufulia kwenye Peugeot ya Marehemu Baba

Mbele ya Soko la Mgandini, hapa Tanga, saa saba na nusu mchana, gari lilinizimikia kwa mara ya tatu siku hiyo. Nyuma yangu bodaboda, nyuma ya bodaboda Noah, nyuma ya Noah sikuona, nilisikia honi tu. Mama alikuwa kiti cha nyuma na kikapu cha samaki miguuni. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono, akashusha kioo cha mlango wake taratibu mpaka mwisho. Kushusha kioo huko ndiko kulikoniuma kuliko honi zote, kwa sababu mimi ni fundi wa majokofu. Miaka ishirini na mbili nakula kwa gesi na kompresa. Nusu ya Ngamiani ikiharibikiwa friji inanipigia mimi. Halafu AC ya gari la nyumbani kwetu inaniaibisha sokoni.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 GL ya 1979, injini ya petroli ya cc 1971, kabureta ya Solex yenye koo mbili, ile inayochanganya petroli na hewa. Lilikuwa la meneja wa shamba la mkonge ambako baba alikuwa mhasibu, na shamba lilipouza magari yake mwaka 1988 baba akalichukua. Walio rika langu hawahitaji kuambiwa 504 ilikuwa nini enzi zile. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa ile ya milango miwili yenye V6. Baba alikuwa akihadithia ushindi huo kana kwamba yeye ndiye aliyekaa kiti cha pembeni akisoma ramani.

AC gari halikutoka nayo kiwandani. Yule meneja alikuwa mtu wa nchi za baridi, joto la Tanga likamshinda, akafungisha mtambo wa kununua: boksi la evapureta, linalopoza hewa ya ndani, chini ya dashibodi upande wa abiria, kondensa ya kupoza gesi mbele ya rejeta, kompresa ya Sanden ya pistoni tano, inayosukuma gesi, pembeni ya injini. Ulikuwa wa gesi ya R12. Baadaye, R12 ilipoanza kuwa adimu, mtambo ukahamishiwa R134a. Hiyo kazi niliifanya mwenyewe nikiwa kijana, na oili ya kompresa nilibadilisha, maana oili ya zamani na R134a hazichanganyiki.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi gari linawaka vizuri. Ukiliweka barabara ya Pongwe, mwendo wa themanini, AC inapoza kama kawaida. Ukirudi mjini, ukasimama kwenye foleni, hewa inayotoka inakuwa ya uvuguvugu, sailensa (mizunguko ya injini usipokanyaga mafuta) inashuka, gari linatetemeka kama mtu mwenye homa, linazima. Ukizima AC linatulia kidogo, ingawa nalo linanuka petroli. Na ukilipaki likiwa la moto, ukaingia dukani dakika kumi, ukirudi haliwaki mpaka ukanyage mafuta mpaka chini na kuliomba radhi.

Niseme na hili, maana lina umuhimu mbele. Mwaka juzi nilikuwa Pemba miezi miwili kwa kazi ya vyumba vya baridi. Mdogo wangu akalipeleka gari kwa fundi mmoja wa AC, simtaji, akalalamika haipozi. Fundi akaongeza gesi. Haikupoza. Akaongeza tena. Niliporudi nikaambiwa "gesi ipo full, kaka", na mimi kwa uvivu wa fundi ambaye vya kwake huvifanya mwisho, nikaamini.

Jumamosi iliyofuata nikampelekea mzee wangu wa Chumbageni. Huyu ni fundi aliyeanza na Peugeot 403 na 404, macho yameshamtupa mkono kidogo lakini masikio bado anayo. Gereji yake ni mwembe, benchi la mbao na kopo la mafuta ya taa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeniletea gari au jokofu?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akafungua boneti, akaliwasha, akaniambia niwashe AC. Klachi ya kompresa ikagonga, tak, sailensa ikadidimia, gari likafa. Akafunga boneti.

"Ng'oa hilo friji lako. Ndilo linaloliua gari."

"Mzee, kompresa ni mzigo tu. Injini ya cc elfu mbili inashindwaje na mzigo wa kompresa? Kabureta yako hiyo ndiyo mbovu."

"Na friji zima linashindwaje kupoza mtu mmoja?"

Tukacheka, lakini kila mmoja alimaanisha alichosema. Ndiyo hali niliyoikuta miaka yote kwa magari haya ya zamani yenye AC: fundi wa injini anamtupia fundi wa AC, fundi wa AC anarudisha, na mwenye gari anazunguka na mkebe wa maji kwenye buti. Mzee akatoa sharti moja. Tutafanya kazi siku nzima pamoja, na hakuna atakayegusa skrubu wala kufungua gesi kabla ya kumwonyesha mwenzake kwa nini.

Mimi nilidhani tutaanza na kabureta. Mzee akanikatalia. "Kabureta ya mwisho. Watu wote wanaanza na kabureta kwa sababu ina skrubu za kuzungusha." Akaanza na plagi: zote nne nyeusi, masizi makavu, dalili ya petroli nyingi. Akafungua distribyuta. Pointi, vile vibati vinavyounga na kukata umeme wa plagi, zilikuwa zimeungua, upande mmoja kimlima, upande wa pili kishimo. Akaniambia nitume mtu dukani akalete pointi na kondensa.

Nikamtuma kijana wangu wa kazi, ambaye kwangu neno kondensa lina maana moja tu. Alipiga simu kutoka dukani: "Bosi, wananipa kidude kama kidole gumba, wamenichanganya?" Nikamwambia hicho hicho, lete. Gari moja lina kondensa mbili, moja ya kufyonza cheche za pointi na nyingine ya kupoza gesi, na siku hiyo zote mbili zilikuwa kwenye orodha. Mzee alifurahi sana na kisa hicho, akakirudia kwa kila aliyepita chini ya mwembe.

Pointi mpya zikawekwa mwanya wa milimita 0.4, taimingi ikapimwa. Kumbuka kwamba kwenye Peugeot hii silinda ya kwanza inahesabiwa kutoka upande wa klachi, si upande wa rejeta. Nimeshaona mtu na heshima zake akihangaika nusu siku na waya za plagi kwa kuhesabu kutoka mbele.

Ndipo kabureta ikafunguliwa.

Ndani ya kikombe cha petroli kulikuwa na tope la rangi ya chai na chembe za mchanga laini. Mzee alitoa jeti, vile vitundu vinavyopima petroli, moja moja kwa bisibisi aliyoinoa mwenyewe ikajaa mfereji wa jeti sawasawa, asije akauchubua. Akanipa jeti ya sailensa niishike kwenye jua. Sikuona mwanga upande wa pili. Nikachukua waya mwembamba wa shaba mfukoni, ule ninaotumia kuzibulia vitundu vya majiko ya gesi, akanipiga kofi la mkono.

"Soma namba."

Ilikuwa imegongwa 45.

"Hiyo ni sufuri nukta nne tano ya milimita. Ukipitisha waya wako unakuwa hamsini. Halafu utanilalamikia gari linakunywa."

Jeti ikalowekwa, ikapulizwa kwa upepo wa kompresa, mwanga ukapita. Ikajulikana sasa kwa nini gari lilinuka petroli. Jeti ya sailensa ilipoziba, gari lilikuwa likizima kila likisimama, na mtu fulani (nina hakika alikuwa mdogo wangu, ingawa anakana) akapandisha skrubu ya sailensa mpaka kipepeo cha kupitishia hewa kikafunguka kupita kiasi. Kwa hiyo gari lilikuwa halipumui kupitia njia yake ya sailensa. Lilikuwa linavuta petroli kupitia njia nyingine, ile inayotakiwa kufanya kazi ukikanyaga mafuta. Juu ya hapo boya la kikombe lilikuwa limekaa juu mno, petroli inapita kimo chake bila kukatwa kwa wakati. Mzee akalipima, akakunja ulimi wa shaba kwa kucha ya kidole gumba, akapima tena.

Dayaframu ya ile pampu ndogo inayorusha petroli ukikanyaga ghafla ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mkulima. Hiyo ilibidi iagizwe Kariakoo, ikaja na basi siku ya Jumatatu, kwa hiyo hadithi hii ni ya siku mbili, si moja. Naziunga kwa sababu katikati hapakuwa na kitu zaidi ya mimi kwenda kazini kwa bodaboda.

Kabureta iliporudishwa, gari likawaka, lakini sailensa inapanda na kushuka yenyewe, uuum, uuum, kama mtu anayesinzia. Mzee akasema linaiba hewa. Injini ikiwa bado ya baridi, akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, akapuliza kidogo kidogo kuzunguka kitako cha kabureta, mimi nimesimama na ndoo ya mchanga. Usijaribu bila ndoo, na usijaribu egzosi ikiwa ya moto. Alipofika kona ya nyuma, sailensa ikabadilika papo hapo. Kile kipande cheusi kigumu kinachokaa kati ya kabureta na injini kuzuia joto lisipande kilikuwa kimepinda, kwa sababu mtu alikaza nati kupita kiasi. Akaweka msasa juu ya kipande cha kioo, akakisugua kwa mwendo wa namba nane mpaka kikalala sawa. Gasketi mpya mbili, juu na chini. Nati akazikaza kwa zamu, kidogo hapa, kidogo pale.

Na hapo hapo pembeni akakuta kimpira chembamba kimezibwa kwa kuchomekwa bolti ya milimita sita. "Hii ya nini?" akaniuliza. Nilikijua mara moja. Nikamwambia aiweke pembeni, tutairudia.

Kuset sailensa sasa. Hili nililishuhudia kwa karibu na ninaliandika kama nilivyoliona. Injini iwe ya moto kabisa, choki imefunguka yote, taa na AC zimezimwa. Mzee alifunga skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa mpaka ikagusa chini, kwa ncha za vidole viwili tu, kwa sababu ukiikaza unaitia alama sindano na haitasikia tena. Akairudisha mzunguko mmoja na nusu. Kwa skrubu nyingine, ya sailensa, akaweka injini kwenye mizunguko kama 900. Kisha akaanza kuizungusha ya mchanganyiko robo robo, kila robo anasubiri. Nilishangaa jinsi anavyosubiri. Mimi ningekuwa nimeshaizungusha mara nne. Injini inahitaji sekunde kadhaa kukubali ulichoipa. Mlio ukapanda, ukapanda, ukafika mahali haupandi tena, akapita kidogo, ukaanza kuwa mzito, akarudi. Mizunguko ilikuwa imezidi sasa, akaishusha kwa skrubu ya sailensa, akarudi kwenye mchanganyiko. Mara tatu kwenda na kurudi. Mwisho akaifunga kwa upana wa wembe tu upande wa hewa, akaweka kiganja nyuma ya egzosi, akakinusa.

"Weka shilingi juu ya injini," akaniambia.

Nikaweka sarafu ya mia mbili imelala juu ya kifuniko cha vali. Kumbuka injini ya 504 imelala upande, kwa hiyo hata kupata mahali pa kuilaza ni kazi. Ilitetemeka, haikuanguka.

"Haya. Sasa washa friji lako."

Nikawasha. Tak. Mizunguko ikashuka mpaka kama 650, ikashikilia. Dakika moja, sawa. Dakika ya pili ikaanza kukohoa. Ya tatu, gari likazima. Mzee hakusema neno. Alikaa kwenye benchi, akamimina kahawa, akaniangalia. Zamu yangu.

Nikatoa geji za presha. Gari likiwa limezimwa na limepoa, joto la siku hiyo nyuzi 31, geji zote mbili zilisoma karibu psi 100, na hiyo ndiyo inayotakiwa kwa R134a kwenye joto hilo. Fundi wengi wanaishia hapo wanasema gesi ipo sawa. Lakini usomaji huo unakuambia tu kwamba ndani bado kuna gesi iliyo majimaji. Iwe robo kilo au kilo moja na nusu, geji itasoma ileile.

Tukaliwasha. Upande wa kuvuta psi 50. Upande wa kusukuma ukaanza 230, ukapanda 260, 300, 340, na kadiri ulivyopanda ndivyo injini ilivyozidi kuinama. Hapo nikamwelewa mzee, na yeye akanielewa mimi. Kompresa si mzigo wa uzito mmoja. Inasukuma dhidi ya presha iliyo mbele yake. Presha ikipanda mzigo unapanda, na injini kwenye sailensa haina pa kukimbilia. AC ndiyo iliyokuwa inaliua gari kweli. Ila kung'oa hakukuwa dawa.

Nikachukua kopo la maji, nikaimwagia kondensa ile kubwa polepole kutoka juu. Geji ikashuka kama lifti: 340, 280, 220. Injini ikanyanyuka yenyewe bila mtu kugusa kitu. Themometa niliyoichomeka kwenye tundu la hewa ikatoka nyuzi 19 ikafika 11. Maji yalipokauka, vyote vikarudi.

Mtu wa majokofu akiona hivyo hana haja ya kuuliza zaidi. Kondensa haipati upepo. Barabara ya Pongwe upepo unaletwa na mwendo. Mgandini upepo unatakiwa uletwe na feni.

"Lakini feni inazunguka," nikasema. Na kweli ilikuwa inazunguka, naiona kwa macho.

Mzee akasimama. Akachukua gazeti, akalikunja, akaligusisha kwenye panga za feni injini ikiwa inanguruma. Feni ikasimama. Akaondoa gazeti, ikaanza tena kuzunguka kivivu.

Wasiozijua hizi gari waniwie radhi, hapa lazima nieleze. Feni ya 504 haikukazwa moja kwa moja kwenye puli ya pampu ya maji kama feni za magari mengine ya umri wake. Ina sumaku ya umeme ndani ya kitovu. Injini ikiwa ya baridi, feni imeachiwa, inaburuzwa tu na bearing. Maji yakipata moto, swichi ya joto kwenye rejeta inapeleka umeme, sumaku inashika, feni inafungana na puli na kunguruma. Peugeot walikuwa na feni za namna hii hata kwenye 404, ili kuokoa mafuta na nguvu. Na umeme huo unaufikiaje mtambo unaozunguka? Kwa kaboni moja ndogo inayosugua pete. Baba hakuwahi kuniambia, na mimi miaka yote niliona panga zinazunguka nikaridhika. Na fundi aliyeongeza gesi naye aliziona.

(Gazeti lilikuwa limekunjwa nene na mzee alijua anachofanya. Usiweke mkono. Rejeta ikipata moto wakati huo huo, sumaku inashika bila kukupigia hodi.)

Tukaunga waya wa swichi moja kwa moja kwenye betri. Kimya. Hakuna kugonga. Mzee akafungua kishika kaboni, akakigonga kwenye kiganja chake, kikatoka kipande kidogo kuliko punje ya hindi, kimeliwa mpaka springi ilikuwa ndiyo inayosugua.

Duka la kwanza hakuna. La pili hakuna. La tatu wakaniuliza 504 ndiyo nini, na aliyeuliza alikuwa kijana wa haki kabisa, hakuwa na dharau. Nikarudi karakana kwangu, nikafungua droo ya vipuri vya mashine za kufulia, nikatoa kaboni ya mota, nikaisugua kwa msasa, nikajaribu, nikasugua, mpaka ikaingia kwenye kishikio bila kubana wala kucheza. Pete tukaisafisha kwa msasa laini. Tukaunga waya.

Tak! Na ngurumo. Majani makavu ya mwembe yaliyokuwa chini ya gari yakatawanyika mpaka barabarani. Mzee akapiga kofi la furaha kwenye bawa la gari, akajisemea, "Kumbe ni yule mdudu."

Sikuridhika kuiachia swichi ya rejeta peke yake. Swichi hiyo inasubiri maji ya injini yapate moto, na kondensa haina muda wa kusubiri. Nikaweka rilei, swichi inayowashwa na umeme: AC ikiwashwa, feni inashika hapo hapo, maji yawe ya baridi au ya moto. Nilipowasha tena, upande wa kusukuma ukagota 270, haupandi zaidi.

Bado ilikuwa nyingi kwangu kwa siku ile. Nikavuta gesi yote kwa mashine nikaipima: kilo moja na gramu 80. Kwenye boksi la evapureta kuna kibandiko kilichofifia kinachosema gramu 900 za R12. Ukihamia R134a unapunguza, unaweka kama asilimia 80 hadi 85. Kwa hiyo palikuwa na zaidi ya robo kilo isiyo na kazi. Nikajua jinsi ilivyoingia. Mitambo hii ina kioo kidogo kwenye draya, kile kikopo kinachonyonya unyevu wa gesi, na mafundi wa R12 walifundishwa kujaza mpaka mapovu yaishe. R134a mapovu yake hayaishi kwa adabu hiyo. Ukiyafukuza mpaka la mwisho, umeshazidisha. Nikabadilisha draya, nikavakyumu (nikavuta hewa yote kwa pampu) dakika arobaini na tano, nikaweka gramu 750 kwa mizani. Geji: 35 na 225. Tundu la hewa nyuzi 9, gari limesimama, chini ya mwembe.

Sasa ile bolti ya sita. Kile kimpira kilikuwa kinakwenda kwenye kikopo chenye dayaframu, kilichofungwa na wale waliofunga AC. AC ikiwashwa, kivali cha umeme kinafungua, mvuto wa injini unavuta dayaframu, dayaframu inavuta mkono wa kabureta kidogo, sailensa inapanda kufidia mzigo. Kimpira kilipasuka miaka hiyo, mtu akaona kinaiba hewa, akachomeka bolti, akaenda zake. Nikaweka mpira mpya. Mzee akaseti kijiti chake, injini 900 bila AC, 950 ikiwa nayo. Tak, inadidimia kama mtu aliyejikwaa, kisha inajinyanyua.

Na lile la kugoma kuwaka likiwa la moto nalo likaondoka bila mtu kulitafuta. Petroli ilikuwa inachemka ndani ya kikombe cha kabureta kwa sababu chumba cha injini kilikuwa tanuri, na boya lilikuwa juu, inafurika kooni.

Wiki iliyopita nikampeleka mama Lushoto msibani. Tanga mpaka Mombo gari lilikwenda kama lina hamu. Kuanzia Mombo, zile kilomita thelathini na kitu za kona, nikazima AC maana ubaridi wa bure ulikuwa nje. Baada ya Soni gari likaanza kuwa zito, na tulipofika juu sailensa ilikuwa inagugumia na egzosi inanuka petroli. Nikafungua boneti uwanjani pa wafiwa, bisibisi mkononi, nikampigia mzee.

"Uko wapi?"

"Lushoto."

"Juu ya bahari mita ngapi huko?"

"Kama elfu moja na mia nne."

"Hewa imepungua, petroli ni ileile. Unataka kuiseti kabureta kwa ajili ya matanga? Rudisha bisibisi."

Nikarudisha. Tulilala, tukazika, tukateremka. Mombo joto likatupokea, nikawasha AC, ikagonga, ikajinyanyua, na sailensa ilikuwa ileile aliyoiacha mzee chini ya mwembe.

Yaliyobaki mawili. Shimo la ekseli ya kipepeo cha kabureta limelika na linaiba hewa kidogo. Mzee amelitia grisi nzito kwa muda, lakini dawa yake ni bushi, na hiyo ni kazi ya mwenye lathe, mashine ya kukereza chuma. La pili, bomba la kutolea maji la boksi la evapureta limeziba, na sasa kwa kuwa AC inapoza kweli, maji yanamdondokea abiria wa mbele kwenye vidole vya miguu. Nalifungua Jumamosi. Mpaka hapo mama anaendelea kukaa nyuma, na kioo chake amekipandisha.